Thelathini na Tano Kila Ijumaa

Chilangala, Newala
2 Juni 1997

Mpwa wangu Rukaiya,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Masasi. Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikipanda mteremko, lakini nalo limezeeka, limepata haki ya kulalamika. Ni miaka miwili hatujaandikiana na sitaanza kutafuta nani alaumiwe, maana karatasi ninayo moja tu.

Nakuandikia kwa ajili ya tenki. Tangu mama yako afariki, nafasi yake ya kulinda tenki haikujazwa. Wanapunguza watu kila mahali. Wewe mwenyewe kiwanda cha redio kilipouzwa ulipunguzwa, sina la kukufundisha hapo. Zamani mimi nikiwa bondeni kwenye pampu, dada yangu alikaa huku juu, na tenki likijaa alitundika kitambaa cheupe nami nikazima mashine. Sasa juu hakuna mtu. Nazima kwa kukisia. Nikiwahi, kina mama wanakuta bomba kavu. Nikichelewa, maji yanamwagika na dizeli inapotea bure. Mhandisi wa maji amenipa hadi mwisho wa mwaka: dizeli ikiendelea kuisha kabla ya mwezi, pampu inafungwa, na watu warudi kushuka bondeni na ndoo kama enzi za bibi yako.

Nasikia siku hizi unatengeneza vitu vya kupimia. Njoo uone mwenyewe. Chumba cha mama yako kipo, nakifagia.

Mjomba wako,
Fakihi


Masasi
17 Juni 1997

Mjomba Fakihi,

Shikamoo. Barua yako kaniletea Silvesta wa lori la korosho. Mimi sijambo, pole na goti.

Kutengeneza nitatengeneza, kwa ajili ya kina mama wa Chilangala. Kuja siji. Habari za msiba zilinikuta Dar nimefuata vipuri, nikafika siku ya tatu mama ameshazikwa. Ukasema mbele ya watu wote kwamba aliyechelewa kumzika mama yake asikae kwenye mkeka wa wafiwa. Nililala jikoni kwa Mwanakombo jirani yako, asubuhi nikaondoka. Wewe ndiye mjomba, ndiye mkubwa wa ukoo, neno lako hakuna wa kulitengua. Basi nalitii.

Sasa tenki. Nitakupa kifaa cha chuma, ukubwa wa kidole gumba, cha kuzamisha chini kabisa. Maji yakizidi kimo, yanakikandamiza zaidi. Ndani mwake mna rezista nne, vipande vya kuzuia umeme, zimeungwa kwa umbo la pembe nne. Sisi mafundi tunaliita daraja. Zote zikiwa sawa, katikati yake hakuna umeme wowote. Maji yakikandamiza, mbili zinavutwa, mbili zinabanwa, na hapo inazaliwa tofauti ndogo. Ndogo kweli: tenki lako la mita nne likijaa, ni milivolti arobaini tu.

Kazi ya kusoma itafanywa na chipu, kompyuta ya ukubwa wa punje mbili za korosho, aliyoniandikia maagizo yake rafiki yangu Oliva wa Dar. Chipu hiyo inahesabu kwa ngazi, na kila ngazi ni karibu milivolti ishirini. Nikiipa ishara kama ilivyo, tenki lako zima litakuwa ngazi mbili. Itakuambia kuna maji au hakuna, jambo ambalo hata mbuzi atakuambia. Kwa hiyo nitaikuza mara mia kabla haijafika kwenye chipu. Na lazima niisafishe, maana ukikuza ishara chafu umekuza na uchafu. Nipe miezi miwili.

Mpwa wako,
Rukaiya


Masasi
14 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa Mwanakombo. Sanduku amelibeba Silvesta. Usilipakie chini ya magunia.

Kifaa cha chuma kishuke hadi sakafuni mwa tenki. Nyaya mbili za ishara nimezisokota pamoja, usizitenganishe. Zikipatwa na kelele za umeme zinapatwa zote kwa kiasi kimoja, na amplifaya, ile saketi ya kukuza ishara, inasoma tofauti tu, kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe. Betri ikichoka kidogo usihangaike: daraja na chipu vinakunywa kwenye betri moja, vinachoka pamoja, hesabu haibadiliki. Kwenye kebo utaona kimrija chembamba cha plastiki kinachotokeza ndani ya sanduku. Kiache kilivyo. Sanduku lifunge kwenye nguzo ya tenki, kisha vuta waya mrefu hadi bondeni kwenye taa ya kibandani. Taa ikiwaka, endelea kupampu. Ikizimika, tenki limejaa. Waya ukikatika pia itazimika, ili kosa likitokea, litokee upande usiomwaga dizeli.

Halafu nataka namba. Sanduku linaonyesha sentimita za maji. Wewe pima kwa ufito, soma na sanduku, andika zote mbili: alfajiri kabla hujashuka, jioni ukipanda, na adhuhuri ya Ijumaa ukija msikitini. Niandikie hata kama ni sawa.

Mpwa wako,
Rukaiya


Chilangala
8 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Natumaini unaendelea vizuri na kazi. Mimi nakuandikia nikiwa na fahari na aibu kwa pamoja.

Fahari ni hii: taa yako inawaka. Nimekaa bondeni na mashine hii miaka kumi na tisa na sijawahi kuambiwa kitu na taa. Jumatatu ilizimika, nikazima mashine, nikapanda kuhakikisha huku goti linanitukana, nikakuta maji yamesimama kiganja kimoja chini ya mdomo wa tenki. Nilipiga makofi peke yangu pale juu. Ethel, mwalimu wa shule, alikuwa anapita, nadhani kesho yake aliwaambia watoto kwamba Mzee Fakihi amerukwa na akili.

Aibu ni Ijumaa. Taa ilikuwa inawaka, nikaiacha mashine inapampu, nikaja kuswali. Tukiwa tunatawadha tukasikia maji yanaporomoka. Tenki lilikuwa linamwagika mbele ya msikiti mzima na sanduku lako linasema bado sentimita thelathini na nne. Imamu aliuliza kama siku hizi udhu tunaletewa hadi miguuni. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nafikiria dizeli.

Namba zote nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Alfajiri sanduku linazidisha kidogo. Jioni linapungua kidogo. Adhuhuri linadanganya kabisa.

Mjomba wako,
Fakihi


Masasi
19 Septemba 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwanakombo ameniletea salamu zako, anasema unapanda na kushuka ule mteremko kama kijana. Punguza, tafadhali.

Nimezikalia namba zako siku tatu. Si betri, maana hiyo inajifuta. Si mtikisiko wa mashine, maana mbele ya chipu nimeweka rezista na kapasita zinazotuliza mtikisiko kama vile matope yanavyotulia ndani ya mtungi. Nadhani ni joto. Amplifaya inayokuza mara mia inakuza na kosa lake mara mia. Nakutumia saketi nyingine niliyochagua vipande vyake kimoja kimoja. Badilisha, na sanduku ulifunike kwa makuti lisipigwe na jua.

Ijumaa hizi, ukiona jua kali, panda robo saa mapema uangalie kwa macho. Pampu isifungwe kwa kosa langu. Nikilala naiona ile sentimita thelathini na nne.

Hapa Masasi mvua bado. Nimepanga chumba na karakana nyumba moja, mchana wateja, usiku naongea na redio za watu. Niandikie namba, na habari nyingine pia.

Mpwa wako,
Rukaiya


Chilangala
13 Oktoba 1997

Rukaiya mama,

Umeniambia niandike na habari nyingine, basi jiandae. Korosho mwaka huu zimechanua vizuri. Wanunuzi wapya wameshaanza kupita na magari yao, kila mmoja anasema mwenzake ni mwizi, na nadhani wote wanasema kweli. Cuthbert, yule mtoto wa shangazi, ameoa tena. Mwanakombo amenipa kuku nimfuge, anasema nyumba isiyo na sauti inaingia mchwa.

Saketi mpya nimeweka na makuti nimefunika. Ijumaa tatu: thelathini na moja, thelathini na nane, thelathini na nne. Ndizo sentimita ambazo sanduku linapungua chini ya ufito. Nilidhani ni mimi niliyefunga ndiye nimekosea, lakini kazi nimeifanya kwa mikono miwili. Kebo imelala vizuri, waya wa taa nimeuinua juu ya miti. Hata vitundu vyote vya sanduku nimevipaka mafuta ya maganda ya korosho niliyoyachemsha hadi yakawa mazito, kama tunavyopaka nguzo za nyumba. Na ule mrija wako uliosahau kuuziba, nilikuzibia mimi tangu siku ya kwanza. Mchwa wa Chilangala hawapati hata pa kuingiza pua.

Kila jioni nikipanda kusoma namba, nakaa kidogo kwenye ngazi ya tenki. Ndipo alipokuwa anakaa mama yako. Anga ni kubwa sana pale, na mtu hana wa kumwambia.

Mjomba wako,
Fakihi


Masasi
23 Oktoba 1997

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na samahani, nimecheka hadi wateja wakaniangalia. Uufungue ule mrija. Uufungue leo.

Kosa ni langu. Nilikuandikia uuache ulivyo, sikukuambia kwa nini, kwa sababu Agosti nilikuwa sitaki kuongea nawe zaidi ya ilivyolazimu. Huko kwetu nani anaacha tundu wazi? Hata mimi ningeliziba. Lakini kile kifaa cha chuma kinakandamizwa na maji upande mmoja, na upande wa pili lazima kiguse hewa ya kawaida, ndipo kijue tofauti. Hewa hiyo inaingia kwa ule mrija. Ulipouziba, hewa imefungiwa ndani. Jua likipanda inavimba, inasukuma nyuma, na daraja linadhani maji yamepungua. Usiku inanywea, na daraja linadhani maji yamezidi. Joto la nyuzi kumi tu linatosha kudanganya sentimita thelathini na kitu. Nimepiga hesabu mara mbili, inaangukia kwenye Ijumaa zako barabara.

Kwangua mafuta, fungia mdomo wa mrija kitambaa chepesi cha kuzuia wadudu, basi. Kitapona. Ningekuja mara moja tu Agosti ningeona kwa dakika tano. Kikishapona, sitakusumbua tena na habari za kupandapanda na kuandika namba.

Mpwa wako,
Rukaiya


Chilangala
25 Novemba 1997

Rukaiya mama,

Salamu nyingi. Samahani nimechelewa, mvua imeanza mapema na Silvesta anaogopa mteremko.

Mrija nimeufungua kama ulivyoelekeza, lakini ugonjwa upo pale pale. Tarehe saba, imepungua thelathini na tano. Tarehe kumi na nne, thelathini na tano. Tarehe ishirini na moja, thelathini na tano. Sijui ni nini. Labda ni kitu kikubwa ambacho barua haiwezi. Tenki halimwagiki, namshukuru Mungu, naangalia kwa macho. Mhandisi alipita, akasema safari hii dizeli itafika mwisho wa mwezi, akafurahi.

Baridi huku. Ijumaa hii ya tarehe ishirini na moja mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi magharibi, jua hatukuliona kabisa, nimeswali na sweta la mama yako chini ya kanzu. Kuku wa Mwanakombo ametaga.

Fikiri vizuri hili jambo, usiwe na haraka. Niulize chochote, nitapima.

Mjomba wako,
Fakihi


Masasi
6 Desemba 1997

Mjomba,

Shikamoo.

Niliposoma barua yako nilifungua saketi ya akiba, pacha wa ile yako, hapa mezani nikaijaribu usiku mzima. Niliipasha kwa pasi ya mkaa, nikaipoza kwa maji ya mtungi. Nilimwandikia Oliva anitafutie kifaa kingine Dar. Nilijiona sifai hata kutengeneza tochi. Siku ya nne ndipo nikaisoma barua yako tena, kama barua, si kama namba.

Kosa letu lilikuwa joto la jua. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja hukuona jua, uliswali na sweta. Hewa ya ule mrija ingevimba kwa moto gani? Na namba za kweli hazitulii, mjomba. Oktoba zilikuwa thelathini na moja, thelathini na nane, thelathini na nne, kwa sababu kila siku ina jua lake. Za Novemba ni thelathini na tano, thelathini na tano, thelathini na tano. Hizo hazikutoka kwenye tenki. Na tenki halimwagiki, na dizeli inafika mwisho wa mwezi. Kifaa kimepona, na wewe unajua.

Kama ulitaka kunionyesha kwamba kazi yangu ni bure, umenionyesha usiku nne. Usiniandikie namba tena.

Rukaiya


Chilangala
3 Machi 1998

Rukaiya mama,

Natumaini uko salama baada ya mvua hizi. Barua yako ilinifikia siku mbili kabla mteremko haujakatika, na tangu hapo hakuna lori lililopanda wala kushuka hadi wiki hii. Ramadhani imepita nikifuturu peke yangu. Nilikuwa na muda wa kutosha kuisoma.

Sikutaka kuonyesha kwamba kazi yako ni bure. Nitakuambia ilivyokuwa. Mrija niliufungua siku ile ile nilipopata barua yako, kabla hata sijala. Ijumaa iliyofuata ufito na sanduku vilisema neno moja, hata sentimita moja haikupishana. Nilifurahi sana. Halafu nikakaa kwenye ngazi ya tenki nikaikumbuka barua yako, kwamba kikipona hutanisumbua tena. Mgonjwa akipona, mganga ana safari gani? Nikasema ngoja kiumwe kidogo. Ukishindwa kwa barua, labda utakuja. Mimi ni mzee na nilifanya jambo la kitoto, na wewe ukakesha usiku nne kwa sababu yangu. Nisamehe kwa hilo.

Kuna lingine, na hili ndilo kubwa. Baada ya Idi tulimsomea mama yako hitima. Nikawaomba wabaki wote waliokuwepo siku ile ya mkeka. Nikasimama, nikasema kwamba neno lile nililisema mimi Fakihi, mjomba, kwa uchungu na bila haki, kwamba mtoto hakuchelewa kwa kupenda, na kwamba mimi niliyelisema nalitoa leo mbele ya masikio yale yale yaliyolisikia. Nilidhani watanyamaza tu kwa heshima. Mwanakombo hakunyamaza.

"Yeye alichelewa siku tatu, Fakihi," akasema. "Wewe umechelewa miaka mingapi?"

Nikajibu miaka miwili na nusu.

Nakosa watu, Rukaiya. Si tenki. Nimelikosa hilo neno muda mrefu, nikawa nakuandikia habari za milivolti. Pampu haifungwi, mhandisi amekwisha kusema. Taa nzima, waya mzima, daraja lako zima, na Ijumaa iliyopita kwa ufito ilikuwa mia tatu na tisini na kwa sanduku mia tatu na tisini na mbili. Namba hizo ni za kweli. Hakuna kilichoharibika huku. Goti ndilo bovu, na goti si kazi yako. Njoo hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Fakihi


Masasi
18 Machi 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo mchana. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikafunga mlango wa karakana nikalia. Mimi pia nimekosa watu. Nilizoea kusema ni kazi nyingi.

Halafu nikaanza kufungasha. Niliweka mita, koleo, waya wa akiba, amplifaya mbili, nikijiambia nitakagua na ile taa ya bondeni. Sanduku likawa zito. Nikavitoa vyote nikavirudisha rafuni, nikaweka nguo.

Silvesta anasema mteremko unapitika na kesho alfajiri anapanda. Barua hii nimempa yeye akukabidhi, kama kawaida yetu. Ukifika mstari huu acha kusoma, nimesimama mbele yako.

Mpwa wako,
Rukaiya